Kenya Nambari 109: Tulipimwa Nini Hasa?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Basi mimi nina swali ambalo limenikaa kichwani muda mrefu, na nimeona heri nilijibu katika jarida letu la mwaka ili tujadiliane sote. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulitoa orodha ya nchi za dunia kwa kupima serikali ya mtandao. Denmark ilikuwa ya kwanza. Kenya ilikuwa ya 109. Ukisikia nambari hiyo kwa mara ya kwanza unaweza kuona haya, na mwingine akisikia anaweza kushangilia. Mimi nauliza: tulipimwa nini hasa, kwa rula gani, na nambari hiyo inamhusu vipi mtu wa Langas, Kapsoya au Turbo?

Serikali ya mtandao ni nini?

Kwanza tuelewane maneno. Serikali ya mtandao maana yake ni serikali kutoa huduma zake kwa njia ya intaneti na simu, badala ya mwananchi kuamka alfajiri kwenda kupanga foleni nje ya ofisi na faili kwapani. Hapa Kenya mlango mkubwa wa huduma hizo ni tovuti ya eCitizen, ambayo ilianza mwaka 2014. Hapo mtu huomba pasipoti, cheti cha tabia njema, cheti cha kuzaliwa, husajili jina la biashara, halafu hulipa kwa simu yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani Novemba 2013, serikali ilikuwa imefungua Huduma Centre ya kwanza kule Nairobi katika jengo la Posta Kuu. Baadaye zikaenea katika kaunti, na Eldoret nasi tunayo yetu. Huduma Centre si mtandao mtupu. Ni ofisi nyingi zilizokusanywa chini ya paa moja, kila moja na dirisha lake, ili mtu asizungushwe mji mzima kama pia. Mpango huo wa Huduma ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma mwaka 2015.

Tarehe 30 Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 ndani ya eCitizen, na tangu hapo zimeendelea kuongezwa. Kwa hivyo jambo hili si la watu wa ng'ambo tu. Wewe na mimi tukitimiza miaka 18 tutahitaji kitambulisho, na mambo mengi yatakayofuata katika maisha yetu yatapitia mlango huo huo.

Nani hutupima, na kwa alama zipi?

Katika Umoja wa Mataifa kuna idara inayoshughulikia uchumi na masuala ya kijamii. Idara hiyo ilianza kupima serikali za mtandao mwaka 2001, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikitoa ripoti kila baada ya miaka miwili. Hupima nchi zote 193 wanachama. Kila nchi hupewa alama kati ya 0 na 1, yaani 0 ni hakuna kitu na 1 ni kilele. Alama hizo hugawanywa katika makundi manne: chini, wastani, juu, na juu sana. Kundi la juu huanzia 0.5 na la juu sana huanzia 0.75.

Korea Kusini iliongoza mwaka 2010, 2012 na 2014. Uingereza ikaongoza 2016. Kuanzia 2018 hadi 2024 Denmark imeshika kiti cha mbele mara nne mfululizo. Katika orodha ya 2024 Estonia ilikuwa ya pili na Singapore ya tatu. Afrika Kusini na Mauritius zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kuingia kundi la juu sana, na hiyo ilikuwa mwaka huo huo wa 2024. Kenya ilipata alama 0.6314, yaani imo katika kundi la juu, karibu kabisa na wastani wa dunia.

Mafiga matatu

Sasa tuingie jikoni tuone alama hizi zinapikwaje. Mnajua chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Hata kipimo hiki kina mafiga matatu, na kila figa lina uzito sawa na mwenzake, thuluthi moja.

Figa la kwanza ni huduma zenyewe. Umoja wa Mataifa hutumia watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi wanaojua lugha mbalimbali. Watu hawa hufungua tovuti za serikali ya nchi fulani kana kwamba wao ni raia wa kawaida, na hujibu orodha ndefu ya maswali. Je, mtu anaweza kuomba cheti cha kuzaliwa hapa? Anaweza kulipa kodi? Anaweza kuandika lalamiko? Jibu ni ndiyo au hapana, na alama hutokana na hizo ndiyo.

Figa la pili ni mitambo na mawasiliano. Katika hesabu ya mwaka 2020 hapa walihesabiwa watu wanaotumia intaneti, laini za simu za mkononi, laini zinazobeba intaneti ya kasi, na nyaya za intaneti zinazoingia majumbani. Zote zilihesabiwa kwa kila watu 100.

Figa la tatu ni watu na elimu yao. Mwaka huo wa 2020 waliangaliwa watu wazima wanaojua kusoma na kuandika, idadi ya walioandikishwa shuleni, miaka ambayo mtoto anatarajiwa kusoma, na miaka ambayo watu wazima walisoma kwa wastani.

Hapa nilisimama nikacheka. Kumbe sisi tumo ndani ya hesabu! Kila asubuhi unapokimbilia kengele ya shule, sweta likiwa begani na chai bado mdomoni, wewe ni sehemu ndogo ya alama ya Kenya. Na kila msichana au mvulana anayeacha shule kwa kukosa karo, anaipunguza. Watu husema "serikali ya mtandao" wakidhani ni kompyuta peke yake, kumbe thuluthi nzima ya kipimo haina hata waya mmoja.

Tufanye hesabu pamoja

Wacha nichukue mwaka 2020, kwa sababu mafiga yote matatu ya mwaka huo yanaonyesha jambo waziwazi. Kenya ilipata hivi:

Huduma: 0.6765
Watu na elimu: 0.5812
Mitambo na mawasiliano: 0.3402

Jumlisha, utapata 1.5979. Gawanya kwa 3, utapata 0.5326. Hiyo ndiyo alama tuliyopewa mwaka huo, na nafasi ilikuwa ya 116. Mwalimu wa Hisabati akisoma ukurasa huu atafurahi kuona kwamba wastani tuliofunzwa darasani unatumika mpaka katika Umoja wa Mataifa.

Sasa angalia mafiga yenyewe, usiangalie jibu. Figa la huduma ni refu. Figa la mitambo ni fupi, karibu nusu ya lile la kwanza. Maana yake ni kwamba serikali ilikuwa imejenga milango mingi mizuri, lakini barabara ya kufika mlangoni ilikuwa ya matope. Mtu akikuambia "Kenya ni ya 116", hajakuambia jambo hili. Akikuambia "alama ni 0.5326", bado hajakuambia. Ni lazima uvunje ile alama ndani uone kilichomo.

Na hapa ndipo wastani unaponitia wasiwasi. Kwenye karatasi, figa refu hufidia figa fupi na jibu linatoka zuri. Jikoni si hivyo. Ukiinjika chungu juu ya mafiga mawili marefu na moja fupi, mchuzi utamwagika, na utamwagikia yule aliyekaa upande wa figa fupi.

Muda na nafasi ni vitu viwili

Sisi watu wa Eldoret tunajua mbio, kwa hivyo nitaeleza kwa mbio. Tarehe 18 Aprili 2011, katika marathoni ya Boston kule Marekani, Geoffrey Mutai alimaliza kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Moses Mosop alimfuata kwa sekunde nne tu. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, aliyoiweka Haile Gebrselassie wa Ethiopia mjini Berlin mwaka 2008. Ona ajabu hiyo! Mosop alikimbia muda mzuri kuliko rekodi ya dunia, lakini alikuwa nambari mbili. Je, alishindwa kukimbia? Hasha. Mbele yake kulikuwa na mtu aliyekimbia zaidi.

Nchi nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa na alama 0.4186 na nafasi ya 119. Mwaka 2018 alama ikapanda kuwa 0.4541, lakini nafasi ikashuka kuwa ya 122. Anayetazama nafasi peke yake atasema tumerudi nyuma. Ukweli ni kwamba tulisonga mbele, ila wenzetu walisonga upesi zaidi: wastani wa dunia ulitoka karibu 0.49 hadi karibu 0.55 katika miaka hiyo miwili. Kuanzia hapo tukapanda: 116 mwaka 2020, 113 mwaka 2022, na 109 mwaka 2024.

Marathoni hiyo ya Boston ina somo la pili. Muda wa Mutai haukukubaliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ya Boston huteremka kupita kiasi kinachoruhusiwa, na mwisho wake uko mbali sana na mwanzo. Yaani kabla ya kuuliza nani ana kasi, uliza kwanza njia ilipimwaje.

Rula nayo hubadilika

Katika kipimo hiki pia rula imewahi kubadilishwa. Hadi 2018, figa la mitambo lilihesabu hata simu za waya, zile za zamani za kukaa mezani. Mwaka 2020 simu hizo ziliondolewa kwenye hesabu. Nyumbani kwetu haijawahi kuwapo simu ya waya, na nadhani ni hivyo kwa wengi wenu. Wakenya wengi waliruka kutoka barua ya posta moja kwa moja hadi simu ya mkononi. Kwa hivyo tuliposhuhudia figa la mitambo la Kenya likipanda kutoka 0.1901 mwaka 2018 hadi 0.3402 mwaka 2020, si haki kusema kwamba kupanda kote kulitokana na nyaya na minara mipya. Kitu ambacho tulikuwa hatuna kiliacha kuhesabiwa.

Tena kuna rula nyingine kabisa. Benki ya Dunia nayo ina kipimo chake, ambacho katika toleo la mwaka 2022 kilikagua nchi 198. Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Tanzania ilitangaza kwamba Tanzania imeshika nafasi ya 26 duniani katika kipimo hicho, na ya kwanza Afrika Mashariki. Lakini katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo, Tanzania ilikuwa nyuma ya nafasi ya 150. Nchi ile ile, mwaka ule ule!

Je, kuna aliyedanganya? La. Benki ya Dunia huangalia zaidi mitambo ya ndani ya serikali yenyewe: mifumo ya fedha, sheria, taasisi na mipango, na sehemu kubwa ya majibu hutoka kwa maofisa wa serikali husika. Umoja wa Mataifa hutia ndani pia simu mikononi mwa watu na miaka yao ya kusoma. Mmoja alipima injini, mwingine akapima injini, barabara na abiria kwa pamoja. Nchi inaweza kuwa na injini safi na abiria wengi wangali wamesimama steji.

Kisichoonekana kwenye orodha

Nimefika mahali ninapopajali zaidi. Kila rula ina kitu isichokiona.

Kwanza, laini si watu. Kijana wa bodaboda mwenye laini mbili mfukoni huhesabiwa mara mbili. Mama na watoto wake watatu wanaotumia simu moja huhesabiwa kama laini moja. Sensa ya mwaka 2019, ambayo iliuliza watu wenyewe, ilionyesha kwamba ni asilimia 22.6 tu ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti. Mijini ilikuwa asilimia 42.5, mashambani asilimia 13.7. Hapo ndipo unapoliona lile figa fupi linakaa wapi.

Pili, mkaguzi huangalia kama mlango upo. Haketi hapo mwaka mzima kuhesabu siku ambazo mlango haukufunguka. Mwishoni mwa Julai 2023, hata mwezi haujatimia tangu ule uzinduzi mkubwa, eCitizen ilishambuliwa kwa mtandao na kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya hivyo. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Bwana Eliud Owalo, alikiri kwamba shambulio lilitokea. Watu walikwama kwa siku kadhaa. Ukiweka milango yote kwenye ukuta mmoja, ukuta ukianguka milango yote huanguka nao.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, orodha haijui ni nani aliyebonyeza vitufe. Nyanya yangu anakaa upande wa Turbo. Babu alipofariki, nyanya alihitaji cheti cha kifo ili afuatilie akiba ambayo babu aliacha. Aliambiwa aombe kwa mtandao. Nyanya ana simu ndogo ya kubonyeza, ile ya tochi. Basi akapanda matatu mpaka mjini, akaingia saiba moja, na kijana wa hapo akamfungulia akaunti. Ila kijana alitumia anwani yake mwenyewe ya barua pepe na nambari yake mwenyewe ya simu, kwa sababu nyanya hakuwa na barua pepe. Neno la siri likaandikwa kwenye kijikaratasi, na kijikaratasi kikapotea. Wiki mbili baadaye tulipotaka kujua ombi limefikia wapi, kila tukijaribu, nambari ya kuthibitisha ilitumwa kwa simu ya yule kijana, na yule kijana alikuwa amehama kazi.

Nyanya aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, jina ni langu, marehemu ni wangu, lakini ufunguo uko kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Cheti kilipatikana mwishowe, baada ya safari tatu na kwa msaada wa mama mmoja mpole katika dirisha la ofisi. Lakini hebu fikiria: kwenye hesabu ya huduma, ombi la nyanya ni moja kati ya maombi yaliyofanywa kwa mtandao. Jibu ni "ndiyo, inawezekana". Nauli ya safari tatu haimo. Pesa za saiba hazimo. Zile wiki za kungoja pia hazimo.

Hapa sisemi saiba ni mbaya. Bila saiba, watu wengi wa mji huu wasingefika kwenye mlango kabisa. Saiba ndilo daraja letu. Nasema tu kwamba nchi ambayo wazee wake huvuka kwa daraja la kukodi yafaa ilihesabu daraja hilo katika gharama.

Wa mbele wanafanyaje?

Mtu ataniambia, "Hizo ni nchi tajiri, tusijilinganishe nazo." Utajiri husaidia, sikatai. Lakini tazama Estonia. Watu wake wote hawafiki milioni moja na nusu. Kaunti yetu ya Uasin Gishu peke yake ilikuwa na watu 1,163,186 katika sensa ya 2019. Yaani Estonia ni kama kaunti moja na kidogo. Walianza kuunganisha mifumo ya ofisi zao mwaka 2001, ili ofisi moja ikikujua, nyingine isikuulize upya. Mwaka 2002 wakatoa kitambulisho kinachotumika pia kwenye kompyuta. Mwaka 2005 wakaanza kupiga kura kwa intaneti. Jambo hilo liliwachukua miaka, tena hatua kwa hatua.

Denmark nayo ilifanya barua za serikali kwa raia ziwe za mtandao kwa lazima mwaka 2014, kwa wote wenye miaka 15 na zaidi. Lakini sheria ikaacha mlango wa pembeni: asiyeweza kutumia mtandao anaweza kuomba asamehewe, aendelee kupata barua za karatasi. Nililisoma jambo hilo mara mbili. Nchi iliyo nambari moja duniani kwa mtandao haikuifuta karatasi kwa yule mzee asiyeweza.

Rula ya Eldoret

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Umoja wa Mataifa hupima pia tovuti za miji, lakini mwaka 2022 ulichukua mji mmoja tu wenye watu wengi zaidi katika kila nchi. Mji wetu ulipewa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, tukawa jiji la tano la Kenya, lakini kipimo cha namna hiyo hakiwezi kutuona. Basi kwa nini tusijipime wenyewe?

Ninapendekeza kwa Chama chetu kazi ya likizo. Kila mwanachama amwulize mtu mmoja wa nyumbani au jirani aliyetafuta huduma ya serikali mwaka huu, kisha aandike majibu ya maswali matano:

1. Ulitumia siku ngapi tangu kuanza mpaka kupata ulichotaka?
2. Ulifunga safari ngapi?
3. Ulitumia pesa ngapi zote, ukitia ndani nauli, saiba na ada?
4. Nani alibonyeza, na akaunti iko kwenye simu ya nani?
5. Je, uliweza kupata maelezo kwa Kiswahili?

Swali la tano si la kujipendelea kwa kuwa sisi ni Chama cha Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Fomu ambayo nyanya haelewi ni mlango uliofungwa hata kama seva inafanya kazi.

Jina la mtu lisiandikwe, ili asiogope kusema ukweli. Majibu hayo hayatakuwa ya kisayansi sana, kwa maana tutakuwa tumeuliza watu wachache tunaowajua. Lakini yatatuonyesha jambo ambalo nambari 109 haiwezi kutuonyesha, yaani figa fupi la hapa kwetu liko wapi. Tukipata jibu tunaweza kulipeleka kwa mwakilishi wa wadi, au tuliandike katika jarida la mwaka ujao.

Hitimisho

Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo ya mitihani ya kitaifa, na tangu hapo watu wamebishana kama orodha hujenga au hubomoa. Maoni yangu ni kwamba orodha si adui. Bila ile ya Umoja wa Mataifa, nisingejua kwamba mitambo ndiyo iliyokuwa ikituvuta nyuma, wala nisingejua kwamba kusoma kwangu kunahesabiwa. Orodha hudhuru pale tunaposoma nafasi na kufunga kitabu, kama mwanafunzi anayetazama nambari yake darasani bila kuangalia ni somo gani lililomwangusha.

Kwa hivyo msomaji, ripoti ya mwaka mwingine itakapotoka na mtu akakuambia Kenya imekuwa nambari fulani, usishangilie upesi wala usinune. Mwulize maswali matatu: alama yenyewe ni ngapi? Mafiga matatu yanasemaje? Na rula ni ile ile ya juzi? Akishindwa kukujibu, mpe jarida hili asome.

Natua kalamu yangu hapa. Fomu za maswali matano ziko kwa katibu wa Chama, na anayetaka aje achukue kabla ya shule kufungwa.